Nilibadilisha processor niokoe umeme, mama akahama chumba

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mwenyewe, hapa Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora, na chumvi sijaongeza.

Kazi yangu ni kuedit video za harusi. Desktop yangu ilikuwa na processor ya wati 125, ile ya kunguruma. Ukiipa render, yaani kutoa video iliyokamilika, feni inalia kama inataka kupaa.

Kwa wasiojua, umeme unaoingia kwenye processor karibu wote hutoka kama joto.

Na msidhani Kongo yote ni jasho. Huku mwezi wa sita asubuhi unaona pumzi yako. Basi mama yangu, aliyekuja huku kutoka Kasai akiwa msichana, alizoea kukaa nyuma ya desktop amejifunika kitenge.

Mimi narender, yeye anasinzia. Saa nyingine ananong'ona Kiluba cha kwao amefumba macho, sijui anaongea na nani. Jua linaingia taratibu kwenye pazia, chumba kina uvuguvugu, nami nahisi kama tunaelea sote wawili. Nilizipenda mno zile asubuhi.

Shida ni umeme. Ukikatika, betri ya inverter inaisha render haijafika hata nusu.

Nikatafuta processor ya wati 35. Kimya, haichemki, betri inadumu. Nikajiona mjanja kweli.

Mama akaacha kuja.

Nikasema labda uzee tu, anataka kulala zaidi. Mpaka asubuhi moja nikamkuta jikoni ameinamia mbabula, jiko letu la makaa, anakohoa hadi machozi.

"Mama, juu ya nini uko huku? Hii moshi iko mubaya!"

Hakuniangalia.

"Papa," ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "niliona umenichoka. Ulizimisha moto ya mule ndani ili nitoke."

Wakuu, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Mama alikulia kwenye nyumba ambayo mgeni haambiwi aondoke. Moto unaachwa uzime, naye anaelewa, anaaga kwa heshima. Mimi mwanawe nilikuwa nasifia wati zangu 35, yeye anajua amefukuzwa. Iliniuma sana.

Siku hiyo hiyo nikarudisha ile ya zamani. Nikamshika mkono hadi kwenye kiti chake. Alisita mlangoni kwanza, akanyoosha kiganja kuupima upepo unaotoka nyuma ya mashine, ndipo akaketi.

Nilichojifunza: kabla hujapunguza wati, angalia nani anaota joto lake. Na ukibadilisha kitu nyumbani, sema kwa nini.

Mwenye ujuzi wa betri kubwa anishauri hapo chini, na kama kwenu kuna mtu wa hivi, mtuambie.

Mimi leo sina kazi ya mteja. Narender harusi ambayo wenyewe walishaichukua zamani, na mama amelala.