Mwaka Ambao Baba Alikataa Kupanda

Sisi tuliokulia Garissa, kando ya Tana, hatukuhitaji simu ili tufurahi. Tulikuwa na magari ya waya, tope la kuteleza na njaa ya kutosha. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo nikipotea njia mnivumilie.

Mto ulikuwa ukifurika, kisha maji yanarudi na kuacha tope jeusi. Hapo ndipo wazazi walipanda mahindi, mbiombio, kabla jua halijalikausha. Tope lenyewe lilinukia vizuri, sijui niseme kama nini. Kaka yangu Mutua alikuwa akililamba.

Basi mwaka mmoja akapita mhubiri kwenye kanisa letu la mabati, akasema Bwana anarudi kabla ya mavuno. Baba akaamini kabisa. Akatundika jembe ukutani.

"Nipande, nimvunie nani?" akamwambia mama. "Kwenye ufalme utatafuta muthokoi?" Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, chakula chetu sisi Wakamba.

Mama akaenda kuchungulia akiba. Gunia la mahindi lilikuwa limebaki nusu, na midomo yetu ilikuwa mingi. Aliyeshindwa kunyamaza ni jirani yetu Gedi, mfugaji Msomali tuliyemwita adeer, yaani amu, na ambaye "p" kinywani mwake ilikuwa "b".

"Baba Mutua, wallahi, kila mtu nabanda, wewe nakaa tu!"

"Mfalme wangu yuko njiani, Gedi."

"Mashallah, akuje. Sasa akikuta watoto yako nalia njaa, utamwambia nini? Ulikuwa nangoja yeye?"

Baba aliondoka bila kuaga. Asubuhi jembe halikuwa ukutani, mama akadhani limeibwa. Tukamkuta baba shambani, tope hadi magotini, anapanda huku akiimba nyimbo za kanisa kama anayegombana na mtu.

Mavuno yakafika. Bwana hakuwa amerudi. Mhubiri naye hakurudi. Baba akachoma mahindi ya kwanza, akamwita Gedi, naye akaja na watoto wake na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Baba akaomba kwa kirefu, kama kawaida yake, kwamba ufalme uje. Alipofumbua macho akakuta watoto wa nyumba mbili wananyang'anyana hindi moja.

"Labda umeshaanza kuja," akasema polepole, "ila hauji kwa haraka zangu."

"Tafuna, Baba Mutua," akasema Gedi. "Mahindi nabata baridi."

Siku hizi wajukuu wananionyesha kwenye simu wahubiri wenye tarehe za mwisho wa dunia. "Babu, ni mwezi ujao!" Nawaambia sawa, mwezi ujao tuko. Wao kuosha sahani moja hawawezi, lakini mbinguni wanataka kufika leo.

Mimi bado naungoja ule ufalme, na naungoja kwa raha. Kinachonisikitisha ni hizi kuta tulizojenga na kupanga vipande vya chupa juu yake. Zamani mlango ulikuwa pazia tu, na aliyeingia alikaribishwa mezani. Leo ufalme ukibisha hodi, naogopa wajukuu wangu watachungulia kwenye tundu la geti na kuuliza, "Unataka nani?"