Panya Watoke, Mtoto Aingie

Mke wangu alijifungulia kwao Usagara, nje kidogo ya mji. Siku ya nne, mtoto akiwa kifuani, aliniambia bila kuinua sauti: "Baba mtoto, ile nyumba yetu ya Pasiansi ina panya. Huyu haendi kule mpaka watoke."

Nikajaribu kucheka. Akaniuliza kama nimekisahau kisigino changu. Nitakisahauje? Panya wetu wa Pasiansi walikuwa wamekiguguna nimelala, wanauma huku wanapuliza, nami asubuhi nikalaumu viatu. Lakini mtu mzima anaweza kuchechemea. Kidole cha mtoto wa siku nne hakimzidi dagaa.

Nikarudi Pasiansi na kazi. Kazi nyingine sikuwa nayo; kiwandani walikuwa wamenipunguza, na niseme ukweli, kukaa nyumbani kulinikubali kupita kiasi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo niliamini panya hawataniweza kwa akili.

Ile ilikuwa miaka ya soko huria. Sumu ya panya, ambayo zamani uliitafuta mji mzima, sasa ilipangwa chini sokoni kama peremende. Muuzaji mmoja alikuwa ametundika panya wakavu kwenye kamba kuwa ushahidi. "Huyu alikula juzi," aliniambia, "hata maji hakuomba." Nikanunua. Panya wangu naye akala, kisha akaenda kufia ndani ya ukuta, mahali ambapo mkono haufiki ila pua inafika. Wiki nzima nilishinda uani.

Nikaazima paka wa jirani, mama mmoja mtu mzima aliyeuza mkaa na aliyekuwa akinitania tangu tulipohamia. Paka alinenepa. Panya hawakupungua hata mmoja. Jirani alipokuja kumchukua alimbeba kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huyu unamlisha nini?"

"Mapanki tu, mama."

Mapanki ni mifupa ya sangara, viwanda vikishaondoa mnofu. Sisi tuliinunua, tukaikausha, tukaikaanga. Mimi, kwa kuogopa njaa, nilikuwa nimejaza kapu zima nikalificha nyuma ya kabati. Jirani alilifunua, akakaa chini kabisa kwa kucheka.

"Baba wee! Umewaandalia watu karamu ya harusi, halafu unawauliza mbona hawaondoki!"

Kapu likatoka siku ileile. Akanipeleka na nyuma ya nyumba. Yetu, kama nyingi za kule kwenye miamba, ilikuwa imeegemea jiwe kubwa, na kati ya ukuta na jiwe palikuwa na upenyo wa kuingiza ngumi. Mimi nilikuwa nimeuziba kwa shati kuukuu. Shati lilikuwa limekuwa kitanda cha watoto wao.

"Wewe una mlango wako wa mbele," alisema. "Wao wana huu."

Nilichanganya saruji na mchanga siku mbili. Nikashindilia upenyo kwa kokoto na vipande vya chupa, nikapiga wavu chini ya paa, nikaongeza kipande cha bati chini ya mlango, chakula chote nikakitia kwenye debe lenye mfuniko. Mgongo uliniuma kama wa mwenye kazi. Nikatuma salamu Usagara kwamba nyumba iko tayari.

Aliyekuja si mke wangu. Alikuja mama mkwe kukagua. Kwetu mkwe na mkwe hawatazamani usoni, sembuse kulala chini ya paa moja, kwa hiyo alifikia kwa jirani. Jioni wakaja pamoja na chekecheo la majivu, mama mkwe akayanyunyiza sebuleni, jikoni mpaka nyuma ya kabati.

"Mwambie baba wa mtoto abaki chumbani," alimwambia jirani, ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka kwake nikiangalia sakafu. "Kama wamo, asubuhi tutaona walikopita."

Asubuhi nilisimama nyuma ya pazia la chumbani, nikisubiri kama siku ya matokeo ya mtihani. Nikamsikia mama mkwe akiingia, akiinama. Akaguna.

"Kuna nyayo."

Nikalishika pazia kwa mikono miwili.

"Zinatoka chumbani, zinakwenda kwenye debe, zinarudi chumbani. Hebu mwulize baba wa mtoto, panya wake anavaa kiatu namba ngapi?"

Jirani hakuweza kuuliza. Alikuwa ameshika mlango kwa kucheka. Nikajitetea nyuma ya pazia kwamba njaa ilinishika, nikafuata kiporo. Mama mkwe alicheka kwa kujificha ndani ya khanga yake. Kisha nikasikia miguu yake ikienda jikoni, ikizunguka kabati, ikisimama muda mrefu kwenye kona ya jiwe.

"Huku kote safi," alisema hatimaye. "Mwambie, huyo mmoja tutamvumilia. Akamchukue mtoto wake."

Tatizo ni kwamba alikuwa kati yangu na mlango, na kumpita mkwe hivihivi si adabu. Nikatoka dirishani. Kabla ya saa sita nilikuwa Usagara, mke wangu akitazama miguu yangu na kuuliza, "Haya majivu nayo ni ya nini?" huku mikono yake ikiwa tayari inafunga nepi ndani ya khanga.