Dirisha Nililolipigilia Mbao

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na sifanyi mzaha. Ni asubuhi niliyokaa kwenye kiti cha mtu mwingine, nikiwa mkubwa wake wa kazi, nikaona kwa macho yangu ubaya nilioufanya. Jumapili uliponionyesha kwenye simu mchoro wa ofisi utakayoipanga upya, watu arobaini katika ukumbi mmoja, wote wakitazama ukuta mweupe ili mawazo yao yasitangetange, nilinyamaza. Ulidhani nimeupenda. Kumbe nilikuwa nimeikumbuka asubuhi ile.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na ulimi uliozidi umri. Nilikuwa nimewekwa kuwa mkuu wa makarani saba katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo, pale bandarini kwetu Kalemie. Kazi yetu ilikuwa kuandika karatasi za kila mzigo unaopanda meli, unga, dagaa, saruji ya Kabimba, kwenda Moba, Uvira au Kigoma. Chumba kilikuwa na kelele, sikatai. Wafanyabiashara waliingia moja kwa moja hadi mezani, na kila aliyeingia aliwapa mkono watu wote, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yetu, akauliza na hali ya watoto. Karani akishika tena kalamu, hodi nyingine. Na lile dirisha kubwa la upande wa ziwa liliwavuta macho kutwa nzima.

Basi nikatumwa Lubumbashi wiki mbili kujifunza uongozi, nikarudi kichwa kimejaa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia mimi? Jumamosi moja nikamwita fundi. Nikageuza meza zote zitazame ukuta, migongo ikaelekea mlangoni. Nikaondoa kimeza cha chai. Lile dirisha nikalipigilia mbao, nikisema jua la asubuhi linalochomoza ziwani linawaumiza watu macho, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Jumatatu nikawaita makarani waje waone. Hawakusema neno, nami nikauhesabu ukimya wao kuwa shukrani.

Kwa siku mbili chumba kilitulia. Siku ya tatu nikaanza kuona shingo. Mtu akipiga hodi, shingo saba zinageuka, maana kwetu nani atamwitikia mgeni kwa kisogo? Wanasimama, wanasukuma viti, wanatoa mkono, wakirudi wamesahau walipoishia. Tena mtu asiyejua nani yuko nyuma yake hawezi kutulia, hata ukimlipia utulivu. Umeme ulipokatika tuliwasha mishumaa saa nane mchana huku jua likiwaka nje. Nilichukia. Niliona wananifanyia makusudi.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Papa Kisimba. Ndiye aliyekuwa karani mzee zaidi, mwandiko wake ungeweza kuusoma ukiwa umesimama mlangoni, na alikuwa amebakiza miaka mitatu tu astaafu kwa heshima yake. Katika mwezi ule alikosea mara mbili. Mara ya pili saruji ilikwenda Uvira na karatasi zake zikaenda Moba, na mwenye mzigo akaja kututukana mbele ya watu. Mkurugenzi akaniita.

"Ule muzee ameisha," akaniambia. "Niandikie ripoti, nimupumzishe hii mwezi."

Niliiandika, mwanangu. Niliandika kwamba macho yake yamechoka na akili yake haitulii tena. Ilibaki sahihi yangu tu.

Nilimwita nimweleze mwenyewe, maana nilijiona mtu wa huruma. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, wala hakujitetea.

"Mama Shefu," akasema, maana kwetu shefu ni mkuu wa kazi, "kesho ikala pa kiti yangu. Toka asubuhi mupaka saa sita. Andika weye. Kisha utie sahihi."

Nusura nimfokee. Lakini mtu mwenye umri wa baba yako akikuomba jambo dogo namna hiyo, utakataa kwa mdomo gani? Kesho yake nikakaa.

Umeme haukuwepo. Mwanga wote ulitoka mlangoni, nyuma yangu, na kivuli cha kichwa changu mwenyewe kikalala juu ya karatasi, ikanibidi niandike nikiwa nimejipinda. Kila hodi ilinishtua. Ilipofika saa tatu mkuu wa wapagazi akaleta kikaratasi: mifuko ya saruji imekwisha kupakiwa. Imepakiwa katika meli gani, hakuandika, maana hakuwahi kuandika. Nikatazama ratiba ukutani, nikaona leo ni zamu ya meli ya Moba, nikaandika Moba.

Papa Kisimba, aliyekuwa amesimama kando, akanigusa bega akaniongoza nje hadi gatini. Meli iliyokuwa imejaa saruji ilikuwa ya Uvira. Ile ya Moba ilikuwa imecheleweshwa na mawimbi. Ratiba tulikuwa nayo ukutani, lakini ziwa halisomi ratiba.

"Miaka yote nilikuwa natupa jicho pa dirisha kwanza," akasema. "Naona bato gani, meli gani, iko hapa, njo naandika. Sasa naandika ile naona pa ukuta."

"Kwa nini haukuniambia, Papa?"

"Ulituita tuone misumari. Haukutuita tuseme."

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimewatandikia watu saba bila kulalia hata kimoja. Miezi yote nilipomwona mzee yule akitazama ziwa, nilisema anaota ndoto. Kumbe alikuwa kazini kuliko mimi.

Nikaichana ripoti, nikaenda kwa mkurugenzi kumwambia kosa ni langu. Ukubwa jaa, mwanangu, na siku hiyo nilizoa taka zangu mwenyewe.

"Nakupa mwezi moja," mkurugenzi akasema. "Karatasi ikipotea tena, mutaenda wawili."

Ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kulianza: niliwauliza. Walisema mengi, mengine ya kunichoma, nikameza. Tulifungua dirisha, tukatundika pazia jepesi la kuzuia jua la asubuhi. Meza tukazikalisha ubavu kwa dirisha, mwanga uingie kutoka kushoto na mlango uonekane bila kugeuka. Papa Kisimba akapewa meza ya karibu kabisa na ziwa. Tukapatana kwamba kila asubuhi tutapeana mikono na kuulizana habari hadi tutosheke, kabla ya kalamu yoyote kushikwa, kisha mmoja wetu kwa zamu awapokee wageni barazani. Kimeza cha chai kikarudi, na saa nne tukawa tunasimama wote. Zile mbao za dirisha, yule yule fundi akazifanya benchi la wageni.

Mwezi ukaisha, na hakuna karatasi iliyopotelea meli nyingine. Kelele hazikuisha zote, lakini watu waliacha kuumwa kichwa, na nilianza kusikia kicheko cha saa nne. Papa Kisimba akamaliza miaka yake mitatu. Siku ya kuaga alipitia meza zote akitoa mkono, akafika kwangu mwisho. "Mama Shefu, uko na kichwa nguvu," akasema, "lakini ulikubali kuikala." Nililia mbele ya makarani wangu, na sikujali.

Sikukatazi kupanga, mwanangu. Nafurahi sana kwamba umewaza afya ya wafanyakazi wako, wakubwa wengi hawawazi. Ila uliponiambia utawanunulia vidude vya kuziba masikio, nilicheka moyoni. Kabla fundi hajaja, kaa katika kila kiti, tena siku ambayo umeme haupo. Muulize kila mtu anatazama nini anapoinua macho, maana huenda ndipo kazi yake ilipo. Waache wasalimiane, ila uwatafutie mahali na saa ya kusalimiana. Na ukiwaonyesha mchoro wako wakanyamaza, usiende zako ukifurahi. Vuta kiti, uulize tena.

Nakuombea, mwanangu, ofisi yako iwe na hewa na watu wake warudi nyumbani na nguvu za kucheza na watoto. Mungu akupe daima mmoja wa kukuambia ukweli, na akupe masikio ya kumsikia kalamu ikiwa bado mkononi, kabla hujatia sahihi.