Sauti Ndani ya Ghala la Jinzi

Saa sita mchana mashine zote za karakana zilinyamaza kwa pamoja. Wafanyakazi walikula upesi, wakalaza vichwa juu ya meza za kushonea, wakasinzia huku nyuzi za buluu zikiwa bado zimewaganda mikononi. Floribert alikuwa akiingoja saa hiyo. Alipanda ngazi hadi ghala la ghorofa ya pili, akafunga mlango, akapita katikati ya marundo ya suruali za jinzi, akakaa juu ya furushi moja na kutoa simu yake. Marundo yalimzidi kimo. Nguo zile nzito zilimeza mwangwi wote, ndiyo maana alipachagua.

Alikuwa mkaguzi wa mizigo pale Xintang, mji wa jinzi huko China, mwaka wa sita sasa. Wanunuzi wa Lubumbashi na Kolwezi walimtumia oda zao, naye alizunguka karakana kwa karakana akivuta zipu, akipima viuno, akigeuza mifuko nje ndani. Kazi haikudai maneno mengi. Akiona kasoro alimwonyesha laoban, yaani tajiri wa karakana, kwa kidole. Laoban aliitikia kwa kichwa, yakaisha. Kabla ya hapo Floribert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja, mbele ya watoto hamsini na wawili ambao wote walipenda kuzungumza kwa wakati mmoja.

Miezi miwili iliyopita Mama Jeanne, aliyefundisha naye zamani, alimwandikia. Siku hizi alisimamia mafunzo ya mtandaoni ya walezi wa vituo vya watoto vilivyomo ndani ya kambi za jeshi kule kwao. Walezi hao, wengi wao wake za askari, hawakuwa na nafasi ya kwenda kukaa darasani, kwa hiyo masomo yaliwafuata kwenye simu: sauti ya dakika ishirini, ambayo waliisikiliza pamoja kabla watoto hawajafika. Masomo yalikuwa sita na yalikwisha kuandikwa. Alitakiwa mtu wa kuyasoma.

"Nilikukumbuka wewe," Mama Jeanne aliandika. "Watoto walikuwa wakinyamaza ukisoma."

Alikubali kabla hajafika mwisho wa ujumbe. Chumba chake kilikuwa cha mtu mmoja, sufuria yake ya mtu mmoja, na baada ya kuanza kurekodi kulikuwa na siku ambazo akishuka kutoka ghalani alitambua kwamba somo lile ndilo neno pekee lililomtoka tangu asubuhi.

Somo la kwanza lilipita. La pili likapita kwa shida. La tatu lilirudishwa Jumanne, pamoja na sauti ya Mama Jeanne, ya polepole, kama ya mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Mwalimu, usikasirike. Wamama wanalalamika. Wanasema unawauliza kitu halafu huwangoji. Unasema hamjambo, wakifungua midomo wajibu, wewe umeshafika kwenye mada. Mmoja amesema ni sawa na kusalimiwa na mtu aliye juu ya baiskeli." Akacheka kidogo, akaacha kucheka. "Bon. Rudia. Ikija vilevile tena, wakubwa wanataka kumpa kazi mtangazaji mmoja wa redio. Nimekuombea mpaka Jumamosi."

Somo lenyewe lilihusu mtoto ambaye baba yake ameondoka usiku kwenda mstari wa mbele. Katikati palikuwa na swali: *Asubuhi mtoto akikuuliza baba yuko wapi, utamjibu nini?* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Nyamaza, mlezi afikiri.*

Floribert alirudia swali hilo mara saba. Kila mara alidhani amenyamaza muda mrefu, na kila mara, alipojisikiliza, kimya kilikuwa kifupi kuliko kupiga chafya. Kimya alikuwa nacho tele kule chumbani. Kukitengeneza tena kwa makusudi, na kukaa ndani yake, kulimshinda.

Jumatano alikuwa amefika kwenye swali lilelile mlango ulipofunguliwa. Aliingia mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa kijani na chupa ya chai mkononi. Alikuwa Mwanakhamis, mfanyabiashara wa Zanzibar. Oda yake ya suruali za watoto ilikuwa imeshonwa zipu mbovu, na ilibidi angoje siku nne zibadilishwe. Walikuwa wakisalimiana ngazini tu.

"Huko chini kila benchi lina mtu kalala," alisema. "Unazungumza na nani humu?"

"Na wamama wa kambini."

Mwanakhamis alitazama huku na huku. "Mimi naona suruali tu."

Ikabidi aeleze: kambi, walezi, swali, Jumamosi. Mwanakhamis alikaa juu ya furushi lililomkabili, akaomba asikilizishwe. Alisikiliza dakika mbili akiwa ameinamisha kichwa.

"Mh," alisema.

"Sema tu, dada."

"Kaka Floribert, sauti hii mimi naijua. Ni ile ya kwenye metro. Kituo kinachofuata ni fulani, mlango wa kushoto." Alikunywa chai. "Maneno yako mazuri. Mtu wa kuambiwa ndiye hayupo."

"Kweli hayupo."

"Basi mimi nipo. Anza. Ila sogea, masikio yangu si ya juzi."

Floribert alibonyeza simu. "Hamjambo, wamama."

"Hatujambo," Mwanakhamis aliitikia kwa sauti ya uani. "Wewe hujambo? Watu wa kwako hawajambo?"

Alizima. "Dada, usijibu kwa sauti. Inaingia."

"Si umenisalimia?"

"Nimekusalimia, lakini..."

"Nisalimiwe ninyamaze? Nimekosa adabu lini?"

Wakapatana: atajibu moyoni, akimaliza atainua kidole. Wakaanza upya. Floribert alisema hamjambo, akamtazama usoni. Midomo ilikuwa imefumba, lakini alimwona akiitikia, akiuliza hali, akiulizia nyumba nzima, na kidole hakikuinuka mpaka yote yalipokwisha. Pumzi nne. Hakuwa amejua kwamba salamu ni ndefu hivyo. Au alikuwa anajua, akasahau.

Walifika kwenye swali. Baba yuko wapi, utamjibu nini? Mwanakhamis aliacha kumtazama. Alitazama mshono wa furushi alilokalia, akaufuata kwa ukucha. Kidole hakikuinuka. Floribert alisikia feni ya chini, akasikia mtu akikohoa usingizini, akahisi ulimi wake ukitaka kuendelea, akauzuia kwa meno.

"Ningemwambia sijui," alisema Mwanakhamis, kwa sauti, akiwa amesahau mapatano. "Ningemwambia, baba sijui alipo, lakini mimi nipo hapa mpaka saa tisa, mama akufuate." Kisha akaziba mdomo kwa mtandio. "Nimekuharibia."

"Hujaharibu."

"Wa kwangu alikuwa akisafiri na meli," alisema. "Watoto walikuwa wakiniuliza hivyohivyo, nami nikiwadanganya kesho. Kila siku kesho. Wakaacha kuuliza."

Floribert aliiweka simu kando. Mara hii hakukimbilia jibu.

Alhamisi walirudia somo lote, na kidole kilifanya kazi yake. Kwenye swali lile Floribert alingoja muda uleule wa jana, mpaka mwisho. Kikohozi kimoja cha Mwanakhamis kiliingia, wakakiacha. Alilituma jioni ile, baada ya kuhangaika na mtandao kwa muda.

Ijumaa zipu zilikuwa tayari. Mwanakhamis alivuta kila moja mwenyewe, akamsimamia laoban mpaka furushi la mwisho likapanda gari la wakala. Teksi ya kumpeleka Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, ilipofika, alimkuta Floribert mlangoni.

"Sasa huko mbele nani atakuinulia kidole?"

"Nitahesabu moyoni."

"Usihesabu. Watu hawajibu kwa hesabu. Mtafute mtu."

"Safari njema, dada Mwanakhamis."

"Nimekwambia, mtafute mtu," alisema, akafunga mlango wa teksi.

Jumamosi mchana sauti ya Mama Jeanne ilikuja, na safari hii haikutafuta pa kukanyaga.

"Mwalimu, limepita. Lote. Wakubwa wamesema uendelee mpaka la sita. Wamama wanauliza, aliyekohoa ni mke wako?"

"Hapana," aliandika Floribert. "Ni mtu aliyekuwa akingoja mzigo. Ameondoka."

Mama Jeanne alikuwa ametuma pia sauti nyingine, iliyorekodiwa ndani ya kituo wakati wa somo. Floribert alijisikia mwenyewe kwa mbali, akisema hamjambo, kisha wanawake kumi au kumi na tano wakiitikia kwa pamoja, hatujambo mwalimu, na mmoja akiuliza habari za huko. Kulikuwa na mtoto aliyewahi kufika. "Nani anaongea?" mtoto aliuliza. "Ni mwalimu," akaambiwa. "Yuko wapi?" Mwanamke aliyeulizwa alisita. "Sijui," alisema. "Njoo ukae hapa na mimi."

Aliisikiliza mara nyingi kuliko ambavyo angekubali mbele ya mtu.

Somo la nne alilisoma kwa kukumbuka uso wa Mwanakhamis, nalo likapita. La tano alilisoma kwa kukumbuka kidole tu, maana uso ulikuwa umeanza kumtoka. Lilipita pia. Siku moja Mwanakhamis alimtumia picha ya suruali za watoto zikining'inia dukani Darajani, Zanzibar, bila maneno. Floribert aliandika jibu, akalifuta, akatuma picha ya ghala. Hakutafuta mtu. Alifikiria kumwomba kijana Mchina wa kupiga pasi akae tu pale amtazame, akashindwa kujua angemwelezaje kwa kidole.

Somo la sita, la mwisho, halikuwa la watoto. Lilihusu walezi wenyewe, uchovu wao, na namna ya kujitunza. Aliingia ghalani saa sita kamili. Mahali alipokuwa akikaa Mwanakhamis palipangwa jaketi za oda nyingine mpaka karibu na dari. Alisalimia, akangoja. Alisoma vizuri, bila haraka. Alijua mwenyewe kwamba anasoma vizuri. Katika ukurasa wa tatu akafika kwenye swali.

"Wewe unayewapokea watoto wa watu kila asubuhi," alisoma, "ukirudi nyumbani, nani anakupokea?"

*Nyamaza, mlezi afikiri.*

Alinyamaza. Hakuhesabu. Aliacha kimya kiende kilipotaka, kikapita urefu wa salamu, kikapita ule wa jibu la Mwanakhamis, na hakuogopa. Ndipo akasikia mtu akijibu, kwa sauti ya kawaida, kama aliyeulizwa bei.

"Hakuna."

Alizima simu, akaisikiliza sehemu ile mara moja: sauti ilikuwa yake. Kisha akaifuta na kuanza somo upya tangu salamu, maana lilikuwa la wamama, na wengine wao walikuwa na jibu tofauti.