Mwalimu wa Vikaratasi vya Njano

Miaka ile ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Muthangari, watu sita katika chumba kilichowahi kuwa sebule ya mtu. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wajawazito kufuata siku zao za kliniki. Kazi tuliigawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, na kila kipindi kilikuwa na vikaratasi vyake vya njano ukutani, kila kimoja na kazi yake.

Ukuta huo aliulinda mama mmoja wa Kitui, mkubwa wetu kwa umri, aliyeacha kufundisha akajifunza kazi hii ukubwani. Tulimwita Mwalimu, na chai ya saa nne nilikunywa naye kila siku. Mteja wetu, daktari mwenye kliniki, alikuja kila Ijumaa na wazo jipya. Mwalimu hakumkatalia hata siku moja. Aliliandika, kisha akamuuliza kwa upole, "Sawa, daktari. Sasa tutoe kipi, hiki kipate nafasi?"

Daktari alisimama mbele ya ukuta akikuna kidevu. Mara nyingi aliondoka na wazo lake.

Halafu Mwalimu akaenda Kitui kumuuguza mama yake, akaniachia ukuta. Ijumaa ya kwanza daktari aliomba majibu ya maabara yaonekane kwenye simu. Nikakubali. Ya pili akaomba wajawazito waweze kuandikiana. Nikakubali tena, niliona haya kumuuliza mtu mzima swali lile. Sikutoa kitu. Mwezi ulipoisha hakuna kilichokamilika, hata kalenda tuliyoanza nayo, na wenzangu walikuwa hawanisalimii vizuri.

Nikampigia Mwalimu.

"Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Mwambie daktari ukweli. Kisha muulize ni mgonjwa yupi anayemfikiria akiomba hayo yote."

Nilimuuliza. Daktari akanisimulia juu ya msichana aliyekuja kwa miguu toka mbali, akakuta siku yake ilikuwa jana. Tukabandua vikaratasi vyote, tukabakisha kalenda na ujumbe wa kukumbusha. Wiki mbili baadaye programu ilikuwa mikononi mwa akina mama.

Mwalimu hakurudi, mama yake bado anamhitaji. Siku hizi nafanya kazi katikati ya jiji, ghorofa ya tisa, kila mmoja na skrini yake. Wiki jana nilimpigia, tukaongea juu ya mvua na mbaazi zake. Nilitaka kumwambia sijapata mwingine wa kunywa naye chai ya saa nne, lakini aliitwa ndani. Nikabaki nimeshika simu, nikimsikia akiitikia kwa Kikamba, mpaka ikakatika.