Mtani Aliyekalia Mkia wa Gari

Watu wa kwetu Kisarawe hawakunisamehe kuolewa na Mnyamwezi, tena walikuwa na haki ya kutonisamehe kwa sauti, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani huwezi kumwambia akome. Atakuita mchawi mbele ya mkweo, ataingia jikoni aondoke na kuku wako, nawe utacheka. Siku ya harusi yangu mjomba, kaka yake mama, aliyenilea, alimtwisha mume wangu gunia la mihogo mbele ya wageni, akamzungusha nalo uani, akasema baba zake walifika pwani wakibeba pembe za ndovu za watu na yeye asiisahau kazi ya kwao. Mume wangu alilibeba. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye shingo ya fahali, na alicheka kuliko wale waliokuwa wakimcheka. Nilimpendea hilo, na baadaye nikamchukia kwa hilo hilo.

Tulikaa Kibaha, kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa kwendea Zegereni. Alikuja pwani kukata mkonge, lakini mikono yake ilielewana na vyuma, akahamishiwa karakana. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni leseni ya udereva. Fundi alikuwa boi tu kama mkata mkonge, akiitwa kwa mluzi. Dereva alivaa kofia, na hata karani alimtolea kiti. Ila leseni ilitolewa Dar es Salaam baada ya kutahiniwa, na mtu mweusi hakutahiniwa kama hana bwana wa kumpeleka na gari la kutahiniwa nalo. Meneja wa shamba, ambaye sote tulimwita Bwana, alimwahidi kumpeleka. Sharti lilikuwa gari la mbio kwanza liwe tayari.

Gari hilo Bwana alilinunua kwa Mzungu mwenzake aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa dogo, la viti viwili, la kabla ya vita, na lilikuwa limelala bandani miaka mingi mpaka mchwa wakala mbao za bodi na kuku wakatagia kwenye usukani. Mimi nilipoliona nilidhani limeletwa kuzikwa. Lakini Wazungu wa pwani walikuwa na mchezo wao wa kushindana kupandisha gari mlima wa Kisarawe mmoja mmoja, wakipimana kwa saa, na Bwana alikuwa ameshindwa mara nyingi na daktari mmoja wa mjini. Kushindwa kulimkondesha. Mke wake alipomkimbia hakukonda hivyo.

Mashindano yalikuwa na masharti. Gari halikuruhusiwa kuletwa juu ya lori. Lilipaswa kuja kwa magurudumu yake, barabarani kama magari mengine, likiwa na namba ya serikali, taa zinazowaka, honi, breki zinazoshika na madigadi ya kuzuia matope. Kwa hiyo kazi ya mume wangu ilikuwa kutengeneza shetani ambaye askari wa barabarani atampigia saluti. Alifungua injini yote akaitandaza chini. Alichonga silinda upya, akatia pistoni kubwa zaidi, akafunga kabureta mbili palipokuwa na moja. Bodi iliyoliwa na mchwa akaitupa, akaunda nyingine ya mninga mwembamba na bati. Kisha akaanza kutoboa. Alitoboa chesisi, alitoboa pedeli, alitoboa hata mabano ya taa, maana Bwana alimwambia kila tundu ni uzito umetoka. Nikamwambia akimaliza gari atatoboa na watoto.

Nyumbani kwangu hapakukalika. Vyuma vilioshwa kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu ya wali, na wali ukanuka mafuta ya taa mwaka mzima. Nilimtukana kwa matusi ya utani na kwa matusi ya kweli, naye hakuyatofautisha. Alikuwa akilala akizungumza na kabureta. Jioni alikaa kwenye kigoda, akashika ungo kama usukani, akawapeleka watoto Dar es Salaam na kuwarudisha, akiwapigia honi kuku. Watoto walipenda. Mimi nilimnyang'anya ungo, nikapeta mchele wangu.

Gari lilipowashwa mara ya kwanza, wanawake tuliokuwa kisimani tuliweka ndoo chini. Lilikohoa, kisha likanguruma sauti ambayo hatujawahi kuisikia ikitoka kwenye kitu kidogo namna ile. Bwana alilipeleka mpaka barabara ya Morogoro na kurudi, akashuka amejaa vumbi, amefurahi, akampiga mume wangu bega. Askari alikuja kulikagua, akawasha taa, akabonyeza honi, akakanyaga breki, akalipitisha. Nami siku hiyo, lazima niseme, nilijivuna. Nilipita mbele ya nyumba ya karani taratibu kuliko siku zote.

Lakini walipolijaribu mlimani Kisarawe, gari likakataa. Lilikuwa jepesi mno. Udongo ule mwekundu, hasa ukiwa na unyevu, unataka kitu kizito cha kuukandamiza, na magurudumu ya nyuma yalizunguka mahali pamoja kama mbwa anayefukua panya. Kuongeza chuma Bwana hakutaka, maana chuma ni mzigo hata pale usipohitajika. Akamtazama mume wangu. Alimtazama mabega, akamtazama shingo, kisha akamwambia apande nyuma, juu ya mkia wa gari, nyuma kabisa ya viti, alale kifudifudi. Kwenye kona ya kulia ajitupe kulia, kwenye kona ya kushoto ajitupe kushoto. Wakajaribu. Gari likapanda.

Siku hiyo mume wangu alirudi amesuguka kifua na amejaa matope mpaka kwenye meno, akaniambia habari hizo kwa furaha. Nilimuuliza kiti cha pili kina kazi gani. Akasema kiti kimeng'olewa, kupunguza uzito. Ndipo nilipomwambia neno ambalo kambi nzima ililicheka na kulirudia. Nilimwambia, "Baba zako walibeba mizigo. Wewe umepanda daraja, Mnyamwezi, umekuwa mzigo wenyewe." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka akasema Bwana ameapa, wiki baada ya mashindano, Dar es Salaam, leseni. Nikamwambia aape yeye kwamba hatapanda. Akasema ni mara moja tu.

Siku ya mashindano nilikwenda Kisarawe mapema na watoto, tukakaa kwa mjomba, ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, kando ya barabara. Manyunyu yalikuwa yameanguka alfajiri. Watu walijipanga barabarani kama wanaongojea maulidi. La daktari lilipita, zito, likaenda zake. Kisha tukalisikia la kwetu kabla ya kuliona. Lilipotokea kwenye kona ya chini, nilimwona mume wangu amelala juu ya mkia wa gari, miguu inaning'inia, mikono imeshika vishikio viwili alivyovifunga mwenyewe, akijitupa huku na huku. Watu wangu walipiga kelele za furaha. Walimwita mzigo, gunia, mihogo. Naye, Mungu ni shahidi yangu, alitoa mkono mmoja akawapungia.

Kwenye kona ya pili gari liliruka kigongo cha mzizi, likatua, na yeye hakutua nalo. Halikusimama. Lilikuwa limekwisha kushika ardhi ngumu, halikuhitaji mtu tena. Waliokuwa juu walitueleza baadaye kwamba Bwana alifika, wakatazama saa, wakamshangilia, akageuka kumpa mkono fundi wake, akaona bati tupu.

Nilimkuta kwenye mfereji, kichwa kimeegemea jiwe. Alikuwa anapumua. Nilimwita kwa majina yote niliyomwita kambini, mabaya na mazuri. Alifungua macho, akaniuliza, "Limefika?"

Nilimwambia limefika. Akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Wapo wanaosema mtu anayekufa hutaja kilichomo moyoni mwake. Hakunitaja mimi wala watoto. Nililia kwa hasira kwanza, majonzi yakafuata baadaye, na mpaka leo nikimkumbuka huja kwa mpango huo huo.

Tulimzika jioni ile ile pale Kisarawe, maana kwao ni mbali. Askari alikuja, akaandika kwamba mtu ameanguka, akaenda. Kesho yake, watu wakiwa bado matangani, watani wakaanza kazi yao. Kwetu mtani ana wajibu msibani. Huigiza marehemu, humsema, huwachekesha waliolia mpaka wakalegea, na wafiwa ndio pekee wenye haki ya kuwaambia yatosha. Hapa mambo yalikuwa magumu kidogo, kwa sababu watani walikuwa ni wajomba zangu wenyewe, na marehemu hakuwa na ndugu pwani. Mjomba akatangaza uani kwamba mfiwa ni mimi peke yangu, na neno la kuwakomesha ni langu. Nilikuwa ndani, nimefunikwa kaniki, nimekaa karibu na dirisha. Jirani mmoja mtu mzima alikuwa ameshika bakuli la uji, akinibembeleza ninywe, maana tangu jana sikuwa nimemeza kitu.

Bwana alikuja saa ambazo mchezo umekolea. Alikuja na gari lile lile, akaliegesha barabarani mbele ya nyumba, akaleta mfuko wa sukari, akasimama ukingoni mwa baraza na kofia mkononi. Uani walikuwa wamelaza kinu ubavu. Kijana wa mjomba alikikalia mbele ameshika ungo, pua juu, akifoka kwa Kiswahili cha Wazungu. Nyuma yake mjomba mwenyewe, mzee mwenye mvi, alilala kifudifudi juu ya kinu, akajitupa kulia, akajitupa kushoto, akawapungia watu mkono, akaanguka puu. Kisha akainua kichwa kutoka vumbini, akauliza kwa sauti ya Kinyamwezi kama limefika. Wanawake walicheka huku wanalia. Nami nilicheka. Ndiyo dawa yenyewe, inachoma inapopita.

Bwana alishangaa kwanza. Kisha nikaona mabega yake yanashuka. Alidhani, nadhani, kwamba kama sisi tunacheka basi halikuwa jambo kubwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia, cheko la mtu aliyeondolewa kesi.

Mjomba aliinuka. Akajipangusa vumbi, akamwendea kwa adabu, akamwambia kwetu anayecheka msibani ni mtani tu, mwingine hacheki. Akamuuliza, "Bwana, wewe mtani wetu?"

"Ndiyo, ndiyo," Bwana alisema. "Mimi mtani."

Wakapiga vigelegele. Wakamnyanyua juu kama bwana harusi, naye bado anacheka, wakampeleka mpaka kwenye gari lake, wakamlaza kifudifudi juu ya mkia, palepale penye vishikio, wakamshika miguu na mgongo. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Wote walikuwa wakicheka, na mtu hawezi kwenda kushitaki kicheko. Mjomba aliingia kwenye usukani, yeye ambaye maisha yake yote hakushika ila mpini wa jembe, akaachia breki ya mkono. Wanaume wakatia mabega mbele ya gari kulizuia, wakalielekeza bondeni, wakaanza kulishusha mteremko hatua kwa hatua. Gari lilikuwa jepesi, walilimudu. Lakini matope yalikuwa bado, na miguu yao ilikuwa inateleza.

Kicheko cha Bwana kikakatika. Nilikisikia kikikatika. Alisema basi, akasema imetosha, lakini neno lake halikuwa na kazi siku hiyo. Mjomba akageuza uso kwenye dirisha langu, akaita, "Mwenye msiba, yatosha?"

Nilijua vizuri kwamba wakiteleza, Bwana atakufa, na wajomba zangu watanyongwa, nami nitabaki na watoto bila mume wala mjomba. Nilijua hayo yote kwa wakati mmoja. Bwana naye alikuwa ameelewa neno liko wapi, maana alianza kuniita mimi. Aliniita Mama. Alisema, "Mama, sema. Mama, tafadhali, sema."

Mjomba akauliza tena. Nikaona gari limeteleza kidogo, wakalidaka. Nikamnyooshea mkono yule jirani, nikamwomba bakuli. Uji ulikuwa umepoa, una sukari kidogo na pilipili manga. Nikaunywa wote, bila haraka, mpaka chini, nikamrudishia bakuli lake, nikajifuta mdomo kwa ncha ya kaniki. Kisha nikasema yatosha.