Mama Ukucha na Riboni Iliyotumika

Nimeuza roli za lebo na riboni za printa kwa miaka kumi na minane, na sijawahi kumwogopa mnunuzi. Mkurugenzi akigonga meza, mimi hunywa chai yake na kungoja achoke. Lakini katika maabara ya hospitali moja alikuwepo mwanamke ambaye, nikimwona tu anatoka na miwani kichwani, nilikuwa nashusha bei kabla hajafungua mdomo.

Walimwita Mama Ukucha. Alifuga ukucha wa gumba la kulia, na kila lebo niliyompelekea aliikwaruza nao mara tatu, bila huruma. Maandishi yakibaki, nimeuza. Yakitoka, nabeba mzigo wangu.

"Kaka, hizi wapelekee wauza viatu," alikuwa akisema. "Mgonjwa wangu hafutiki."

Aliingia pale kama mfagiaji. Mumewe alikuwa fundi wa magodoro, mabinti wawili wako shule, mama mkwe yumo humohumo ndani ya vyumba viwili vilivyogawanywa kwa pazia. Siku hizo printa ya maabara ilikuwa inatoa lebo zenye mstari mweupe katikati ya jina, na wataalamu waliipiga makofi kama redio mbovu. Yeye aliwatazama siku tatu, ufagio mkononi. Siku ya nne akaifungua na kukipangusa kwa pamba na spiriti kile kichwa cha kuchapia, kipande chembamba chenye vinukta vya moto vinavyoandika. Mstari ukatoweka.

"Kichwa hakipigwi," akawaambia. "Kichwa kinapanguswa. Muulizeni mume wangu."

Walicheka, kisha wakamkabidhi printa. Alipofikisha miaka hamsini alikuwa na kiti chake, droo yake yenye ufunguo, na neno la mwisho juu ya kila kitu kinachobandikwa kwenye chupa.

Sasa kosa, na kosa lilikuwa langu. Riboni ni utepe mweusi. Kichwa cha printa kinaupasha moto, wino unayeyuka na kuhamia kwenye lebo. Zipo za nta, laini, na zipo za resini, ngumu, zinazohimili dawa kali. Maabara ilitumia resini. Mwezi mmoja resini zilichelewa, nikapeleka nta. Nilijua vichupa vinaingia kwenye friji, na nta haiogopi baridi. Sikuuliza kama hupanguswa kwa spiriti kwanza. Mama Ukucha alikuwa likizo akimuuguza mama mkwe, na aliyemshikia nafasi alipokea mzigo bila kuugusa.

Jumatatu aliporudi, trei moja ilikuwa na vichupa tisini na sita vyenye lebo zilizofifia kwa spiriti. Wakaniita.

"Umetuletea nini, muuza moshi?" aliniuliza Mama Ukucha.

"Dada, resini zilichelewa, nikaona..."

"Sikukuomba hadithi. Kaa hapo."

Daktari mkuu wa maabara alikuwa ameshaamua. Gari la kwenda maabara kubwa linaondoka saa kumi, na kichupa kisicho na jina kinamwagwa. Vitatu kati ya vile vilikuwa na maji ya uti wa mgongo ya mtoto wa miaka minne. Mama yake alikuwa kwenye benchi la korido, mtoto amelala mapajani. Vikimwagwa, mtoto atachomwa sindano mgongoni mara ya pili.

"Kompyuta si ina majina?" niliuliza.

"Ina majina yote," alijibu Mama Ukucha. "Haijui nani alibandikwa wapi."

Akaifungua printa, akatoa bomba lililozungushiwa riboni iliyokwisha kutumika. Mimi ninayeziuza kwa makatoni, riboni iliyotumika kwangu ilikuwa takataka. Akavuta utepe wa urefu kama wa mkono mmoja, akauinua dirishani.

Nikasimama. Kila herufi iliyohamia kwenye lebo ilikuwa imeacha uwazi wake kwenye ule weusi. Mwanga ulipita katika majina ya watu. Jina, namba, tarehe, na chini yake jina jingine, yote kwa mpangilio uleule yalivyochapwa, hata yaliyochapwa kimakosa. Miaka kumi na minane nilikuwa nauza kumbukumbu nisiyoijua.

"Trei ilijazwa kwa kufuata mpangilio wa printa?" alimuuliza yule mshika nafasi.

"Ndiyo, mama. Nilibandika kila lebo ilipotoka."

Nilishika bomba, yeye akasoma, daktari akalinganisha na mabaki ya maandishi kwenye kila kichupa: hapa herufi moja, pale tarakimu mbili. Arobaini vya kwanza vilikubali. Cha arobaini na moja kikakataa. Cha arobaini na mbili pia.

Daktari alivua glavu. "Basi. Mama, umejitahidi. Tumwage."

"Ngoja, daktari."

"Saa tisa na nusu hii."

"Basi bado nusu saa."

Akaurudisha utepe nyuma taratibu, pua karibu na kioo. "Jina hili limechapwa mara mbili. La kwanza lina mkunjo uliokata herufi. Lebo yake ilitoka mbovu."

Mshika nafasi alishika kichwa. "Kweli, mama. Niliibandua nikaitupa, nikachapa nyingine."

"Ungesema, mwanangu! Sogezeni jina moja."

Wakasogeza moja. Cha arobaini na moja kikakubali. Vyote vikakubali, kimoja kimoja, na sikusikia tena sauti isiyo ya majina. Vya mtoto vilikuwa sabini na saba, sabini na nane na sabini na tisa. Daktari aliviangalia mara mbili, akavaa glavu upya.

Mama Ukucha alichapa lebo mpya kwa nusu riboni ya resini aliyoifungia kwenye droo yake. Ile iliyotumika akaikata vipande kwa mkasi, maana majina ya wagonjwa hayatupwi jalalani yakisomeka. Gari liliondoka saa kumi na dakika saba, dereva akinung'unika.

Mimi nilifungasha riboni zangu za nta zilizobaki. Koridoni Mama Ukucha alikuwa ameinama mbele ya benchi.

"Majibu Alhamisi," alimwambia yule mama. "Nendeni nyumbani, akapumzike."

"Hamtamchoma tena?"

"Hapana."

Mama alimvisha mtoto kiatu kilichokuwa kimemtoka, akambeba. Nikabana mfuko wangu ukutani, nikawapisha.